Chuo Kikuu Kinapobisha Hodi Mtaani: Maswali ya Wasomaji

Barua tatu tulizopokea kutoka Kigoma na Tabora zinahusu jambo moja, nalo ni vyuo vikuu kuwapeleka wanafunzi wao wakajifunze mitaani pamoja na wakazi. Ninaanza na ile ya Ujiji kwa kuwa ndiyo inayogusa mengi, na jibu lake ndilo refu kuliko mengine.

SWALI: Ndugu Mhariri, asalaam aleikum. Mimi ni mwenyekiti wa mtaa hapa Ujiji, na nilichaguliwa katika uchaguzi wa Novemba 2024. Tangu niingie ofisini nimegonga mhuri barua nyingi za wanafunzi wanaokuja kufanya utafiti. Wanajaza madodoso yao, wanashukuru na kuondoka, na sisi hatujaona hata karatasi moja ya matokeo. Sasa mhadhiri wa chuo kikuu kimoja ameniandikia kwamba idara yake inataka ushirikiano wa kudumu na mtaa wetu kuhusu maji na usafi wa mazingira, na kwamba wanafunzi watakuja kila mwaka. Wajumbe wangu wamegawanyika. Wapo wanaoiona kuwa ni heri, na wapo wanaosema tumechoka kuwa shamba ambalo wengine wanavuna. Je, tukubali? Na tukikubali, tudai nini?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu mwenyekiti. Kubalini, lakini msiikubali barua hiyo kama ilivyo.

Wanafunzi huja mitaani kwa njia tatu ambazo ni rahisi kuzichanganya. Ya kwanza ni utafiti wa dodoso, ambapo mwanafunzi hukusanya majibu kwa ajili ya andiko lake la kuhitimu, na kazi yake kwenu huishia pale anapofunga daftari. Ya pili ni mafunzo kwa vitendo, yale yanayoitwa fildi, ambapo hupangiwa hospitali, shule au ofisi ya halmashauri ili ajifunze kazi. Ya tatu ndiyo mnayoombwa sasa: wanafunzi wanajifunza somo lao, na kupewa alama, kwa kulishughulikia tatizo ambalo wakazi wenyewe wamelitaja, wakiongozwa na mhadhiri kwa upande mmoja na wenyeji kwa upande wa pili, kisha kilichopatikana kinabaki mtaani. Kipimo cha kuitambua njia hii ya tatu ni kuuliza nani ametunga swali. Ikiwa swali limetungwa chuoni na ninyi mmeitwa kulijibu tu, hiyo ni njia ya kwanza iliyopewa jina jipya.

Katika barua uliyoieleza, mada imekwisha kuchaguliwa. Huenda maji na usafi ndilo jambo linalowasumbua kuliko yote, na huenda silo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuitisha mkutano mkuu wa mtaa, mhadhiri awepo lakini asiwe msemaji mkuu, na wakazi waseme ni jambo gani wangependa lichunguzwe na lifanyiwe kazi. Mkoa wa Kigoma una mfano wake wenyewe wa faida ya kuanza hivyo. Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall, ambayo mwasisi wake alikuwa amewachunguza sokwe wa Gombe tangu mwaka 1960, ilianzisha mradi wa TACARE kwa sababu misitu nje ya hifadhi ilikuwa ikitoweka. Watumishi wake Watanzania walipokwenda vijijini kuwasikiliza watu, waliambiwa kwanza habari za afya, elimu, maji na chakula. Mradi uliyachukua mahitaji hayo kuwa sehemu ya kazi yake, na ndiyo maana vijiji vilikubali baadaye kuandaa mipango ya matumizi bora ya ardhi na kuchagua walinzi wao wenyewe wa misitu. TACARE si chuo kikuu, lakini somo lake linawahusu wahadhiri moja kwa moja.

Wajumbe wako wasidhani kwamba jambo hili limeletwa na wageni juzi. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba zao. Katika miaka hiyo ya 1970 mtafiti kutoka Ufini, Marja-Liisa Swantz, alikuwa akifanya kazi katika chuo hicho hicho na kuhimiza utafiti ambao wanakijiji ni watafiti pamoja na msomi, wala si watu wa kuhesabiwa tu. Utafiti shirikishi unaofundishwa leo katika nchi nyingi una mizizi hapa Tanzania. Mimi naona ni haki yetu kuudai kwa ukamilifu wake.

Mfano wa karibu zaidi ni Ramani Huria, kazi iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015. Wanafunzi wa vyuo, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Ardhi, walipita pamoja na wakazi katika kata zinazofurika na kuchora ramani za nyumba, njia na mifereji. Mwanafunzi alijua kutumia kifaa cha kupimia, na mkazi alijua maji ya mvua yalifika wapi mwaka uliopita na mfereji upi umezibwa. Ramani isingekamilika kwa ujuzi wa mmoja wao peke yake.

Sasa tuje Ujiji. Tuseme mkutano wenu umeamua kwamba jambo ni maji, na hasa visima vya kuchimbwa kwa mkono vilivyo karibu na vyoo vya shimo. Hili si jambo dogo kwa watu wa Kigoma, ambao wanakumbuka kipindupindu cha mwaka 2015 kilichozuka Kagunga miongoni mwa wakimbizi kutoka Burundi na kufika hadi mjini. Dodoso lingeuliza: "Je, mnachemsha maji ya kunywa?" na kila mtu angejibu ndiyo, kwa kuwa hilo ndilo jibu la adabu. Ushirikiano unaostahili jina hilo unaweza kufanya zaidi. Wanafunzi wakiongozana na vijana mliowachagua wanaweza kupima umbali kati ya kila kisima na choo kilicho karibu, wakijua kwamba miongozo mingi hutaja mita 30 kuwa umbali wa kufuata, ingawa aina ya udongo na mwelekeo wa mteremko hubadilisha hesabu. Wanaweza kuchukua sampuli za maji na kuzipima kama zina vimelea vya kinyesi, mara moja wakati wa kiangazi na mara moja wakati wa masika. Akina mama wataeleza kisima kipi ni cha kunywa na kipi ni cha kufulia tu, maana hilo halionekani kwa macho ya mgeni. Wazee wataeleza visima vilivyo karibu na ufuko vilikuwaje kabla ziwa halijapanda, kama lilivyopanda kuanzia mwaka 2020, na vimekuwaje baada ya hapo.

Hapo kuna jambo moja linalosahauliwa sana, nami nakuomba ulisimamie kwa nguvu zako zote. Kabla sampuli ya kwanza haijachukuliwa, mwafikiane nani ataambiwa matokeo kwanza. Ikionekana kwamba kisima cha mtu fulani kina vimelea, na mtu huyo anawauzia jirani zake maji, habari hiyo ikitangazwa mkutanoni bila yeye kujua inamvunjia heshima na kumkatia riziki, na mwaka ujao hakuna atakayewafungulia wanafunzi mlango. Mwenye kisima aambiwe kwanza, nyumbani kwake, pamoja na njia za kurekebisha, kama vile kutibu maji kwa klorini, kujengea mdomo wa kisima na kuweka mfuniko. Mkutano uelezwe hali ya mtaa kwa ujumla. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawalinda watu wako: majina, habari za ugonjwa na picha za watoto hazichukuliwi wala kusambazwa kiholela kwa sababu tu mchukuaji ana kitambulisho cha chuo.

Jambo la pili la kusimamia ni kalenda. Mwaka wa masomo wa vyuo vyetu huanza kwa kawaida mnamo Oktoba au Novemba na kumalizika karibu na Julai, na wanafunzi wengi hutumwa nje katika likizo ndefu ya Julai hadi Septemba. Kigoma wakati huo ni kiangazi. Mwanafunzi atakayekuja Agosti kuchunguza mifereji atakuta mchanga mkavu, na ataandika kwamba hali ni nzuri. Mwambieni mhadhiri kwamba angalau ziara moja iwe wakati wa mvua, hata kama ni ya siku chache na ya wanafunzi wachache. Akisema ratiba ya chuo hairuhusu, basi vijana wa mtaa wafundishwe kupima wenyewe na kutuma takwimu, na walipwe kwa kazi hiyo.

Hili la malipo linahitaji uangalifu. Sipendekezi kila anayejibu swali alipwe, kwa sababu huko ndiko kunakozaa majibu ya kumpendeza mlipaji. Lakini kijana anayeacha kazi zake siku nzima ili awaongoze wanafunzi vichochoroni, au mama anayewapikia, anastahili ujira sawa na ambao angeupata kwingine, na gharama hiyo iwe katika bajeti ya chuo tangu mwanzo. Si haki ushirikiano uwe na posho ya mhadhiri na nauli ya wanafunzi huku mchango wa mtaa ukitarajiwa kuwa wa bure kwa jina la ukarimu.

Tatu, mtie saini na nani? Si na mwanafunzi, wala si na mhadhiri peke yake, kwa sababu mhadhiri huhamishwa au huenda masomoni, na kazi husimama siku anapoondoka. Hati ya makubaliano iwe kati ya idara au kitivo na uongozi wa mtaa, Mtendaji wa Kata aijue, na maamuzi yenu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano, kwa maana uongozi wako pia una muda wake na mwenyekiti ajaye lazima akute kumbukumbu. Ombeni muda usiopungua miaka mitatu. Mafanikio ya wengine yametokana na kudumu. Chuo Kikuu cha Moi nchini Kenya, tangu kilipoanza kufundisha udaktari mwaka 1990, kimewapeleka wanafunzi wake katika jamii hatua kwa hatua, kuanzia kuijua jamii yenyewe hadi kuchunguza afya yake na kufanya utafiti. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kina kituo maalumu tangu mwaka 1992 kwa ajili ya kushirikiana na shule na wakazi wa upande wa magharibi wa jiji la Philadelphia, mahali pale pale, muda wote huu.

Katika kutafuta mshirika wa kudumu, msikitazame tu chuo kilichoandika barua. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo mkoani Kigoma, na wengi wa wanafunzi wa chuo hicho ni walimu, wauguzi na watumishi wanaosoma huku wakiishi katika mitaa yao. Mtafiti wa namna hiyo haondoki na basi la asubuhi, maana anachota maji kisima kile kile mnachochota ninyi. Nashangaa kwamba mitaa michache sana hukigongea mlango chuo hicho. Vilevile ipo kampasi ya Kigoma ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, iliyopangwa kujengwa chini ya HEET, mradi wa serikali wa kuendeleza elimu ya juu. Kuwa na wanafunzi wa afya walio karibu ni nafasi ambayo Ujiji haikuwa nayo zamani, na ni vema mtaa wako uwe umejiandaa na hoja zake.

Mwisho ni mrejesho. Andikeni katika makubaliano kwamba matokeo yataletwa kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya mkutano wa mtaa na wanafunzi wenyewe, na nakala ibaki katika ofisi yako na ya kata. Ripoti ya kurasa nne ambayo mzee wa barazani anaielewa inawafaa kuliko andiko la kurasa mia lililofungiwa maktabani. Kisha iangalieni tarehe. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na mipango ya mitaa hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo na kupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata kwenda halmashauri. Ripoti itakayofika wakati vipaumbele bado vinajadiliwa inaweza kumsaidia diwani kuwatetea kwa hoja yenye vipimo. Ikija baada ya bajeti kupitishwa, mtasubiri mwaka mzima. Chuo kikiyakataa masharti haya ya mrejesho, kataeni ushirikiano, na barua za madodoso ziendelee kugongwa mhuri kama kawaida.

SWALI: Mimi ni mama wa kikundi cha kukausha dagaa hapa mwaloni Kibirizi. Wanafunzi wamekuja kwetu mara kadhaa kutuuliza tunavyotia chumvi, tunavyoanika na tunavyouza, na wanapiga picha. Mwalimu wao alisema wamekuja "kujifunza kutoka kwetu", lakini sisi hatukusoma. Je, kweli tunaweza kumfundisha mtu wa chuo kikuu? Na sisi tunapata nini?

JIBU: Mama yangu, mnaweza, na mmekuwa mkifanya hivyo bila kutambuliwa. Anayejua kwa kushika tu kwamba dagaa hawa wamekauka vya kutosha kusafiri hadi Dar es Salaam, na wale wataota ukungu njiani, ana elimu ambayo mwanafunzi wa sayansi ya chakula anaisoma kwa maneno ya kiwango cha unyevu. Tofauti ni kwamba yake imeandikwa na yenu haijaandikwa. Kwa hiyo ombi la kwanza ni kwamba jina la kikundi chenu litajwe katika ripoti yoyote itakayotokana na kazi hiyo, na kwamba mwalimu wao awaite kuzungumza na darasa kama wakufunzi, kwa malipo kama anavyolipwa mgeni mwingine yeyote anayealikwa kufundisha.

Ombi la pili ni kubadilishana. Kila wanapouliza swali, nanyi mwe na la kwenu. Mnaweza kuwaambia: tupimieni dagaa walioanikwa kwenye kichanja na wale walioanikwa mchangani, mtuambie ni wapi mchanga na vimelea vimepungua na kwa kiasi gani, ili tujue kama mbao na wavu wa kichanja vinarudisha gharama. Au: tutafutieni chombo cha kukaushia kwa jua ambacho hakitanyeshewa mvua ya ghafla. Maswali ya aina hiyo ni kazi halali ya mwanafunzi, anaweza kupewa alama kwayo, na majibu yake ni mali kwenu. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, ina kituo hapo hapo Kigoma, na ni vema mwalimu huyo aombwe kuihusisha ili kipimo kisibaki cha wanafunzi peke yao.

Kuna jambo la wakati pia. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kipindi kama hicho hukutana na miezi ya fildi, na wanafunzi wakija wakati huo watakuta vichanja vitupu na akina mama wanaotafuta namna nyingine ya kuishi. Hilo nalo lichunguzwe, kwa ruhusa yenu: familia inakula nini kwa miezi mitatu bila dagaa, mkopo wa kikundi unalipwaje, na ni biashara gani ndogo inayoweza kuziba pengo. Naamini kabisa kwamba swali hilo lina uzito kuliko lile la chumvi.

Kuhusu picha, semeni hapana pale msipotaka, na mwulize kila mara itatumika wapi.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Ninasoma ualimu katika chuo hapa Tabora. Kundi letu limepangiwa mtaa mmoja wa Isevya ili tuwasaidie watoto wa shule ya msingi ambao hawajui kusoma vizuri, na tumetakiwa kushirikiana na wazazi. Wazee wengine huzungumza Kinyamwezi zaidi kuliko Kiswahili. Naogopa kuonekana tumekuja kuwafundisha watu malezi. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hofu hiyo ni dalili njema, lakini isikuzuie kubisha hodi.

Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa na mwalimu mkuu siku moja, ili mmoja asisikie habari zenu kwa mwenzake. Waambieni ukweli kuhusu muda wenu: mtakuwepo hadi lini, na nani atawapokea watoto hao mkiondoka. Msiahidi vitabu, madawati wala chakula, hata mkiombwa kwa machozi, kwa sababu ahadi isiyotimizwa ya mwanafunzi wa mwaka huu hulipwa na mwanafunzi wa mwaka ujao.

Kwa wazee wa Kinyamwezi, mtafuteni katika kundi lenu au mtaani mtu anayekijua vizuri, naye awe mshiriki kamili wa kazi na si mkalimani wa kuitwa na kuachwa. Kisha waombeni wazee wawasimulie watoto hadithi kwa Kinyamwezi au kwa Kiswahili, kadiri wanavyopenda, ninyi mziandike kwa Kiswahili chepesi, na watoto wazisome hadithi za bibi na babu zao. Mzazi asiyejua kusoma ataona kwamba ana cha kutoa, na mtoto atakuwa na sababu ya kumaliza ukurasa. Mpimeni kila mtoto kwa faragha mwanzoni na mwishoni, kwa kifungu kifupi kile kile, na mmwoneshe mzazi wake peke yake maendeleo aliyoyapata. Msibandike ukutani orodha ya wasiojua kusoma.

Daftari la hadithi hizo likikamilika, acheni nakala shuleni na nyingine kwa mwenyekiti, na mwombeni mhadhiri wenu alikabidhi kundi la mwaka unaofuata likiwa na majina ya wazee waliosimulia, ikiwa wamekubali kutajwa.